Zege Halilali wala Halikauki: Msamiati wa Ujenzi na Utafiti wa Zege Endelevu kwa Kuzingatia Mazingira ya Mutuka, Babati

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa misemo iliyozuka katika Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania upo usemao "zege halilali". Asili yake ni mahali pa ujenzi. Zege likishatiwa maji haliwezi kuachwa hadi kesho; sharti limwagwe siku ileile, vinginevyo litashika ndani ya toroli na kuwa hasara kwa mwenye nyumba. Baadaye msemo huo ulihama ukawa wa kila mtu anayetaka jambo limalizwe leo. Makala haya yanaurejesha mahali ulikotoka na kuuliza swali moja: je, lugha tunayoitumia kulizungumzia zege inalingana na yale ambayo utafiti umeyabaini kulihusu?

Yamkini swali hili litaonekana kuwa la wahandisi, wala si la wanaisimu. Hata hivyo, elimu ya ujenzi nchini mwetu haifikishwi kwa fundi kwa njia ya vitabu vya kigeni. Humfikia kwa Kiswahili, kwa mdomo, kutoka kwa fundi mkuu hadi kwa saidia fundi. Kwa hiyo kosa lililomo katika neno hurithiwa pamoja na ujuzi wenyewe. Tutajaribu kuonyesha kwamba kitenzi "kukauka", kinapotumiwa kwa zege, hubeba nadharia isiyo sahihi, na kwamba kosa hilo litazidi kuwa ghali kadiri saruji zenye hewa chache ya ukaa zinavyoenea. Aidha, tutaonyesha kwamba neno "saruji" lenyewe limehifadhi kumbukumbu ya ujuzi ambao watafiti wa leo wanaurudia kwa njia nyingine.

Ili mjadala usielee hewani, tutauweka katika mazingira ya kata ya Mutuka, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara.

2.0 Mutuka na Mazingira ya Ujenzi ya Babati

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha, na Babati ikawa makao yake makuu. Mji uliokuwa kituo cha njia panda ukageuka kuwa mji wa ofisi, shule, maduka na nyumba za kupangisha. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, sehemu ya ile barabara kuu ya kale ya kaskazini, ilizinduliwa mwaka 2018. Kila hatua ya namna hiyo huongeza haja ya zege: misingi, linta, makaravati, mitaro na matangi ya maji.

Mazingira hayo yana mambo manne yanayotuhusu. Kwanza, Babati iko mbali na viwanda vikubwa vya saruji vya nchi. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na kile cha Tanga viko pwani, mamia ya kilomita kutoka hapa. Bei ya mfuko huongezeka njiani, na moshi wa malori huongezeka pia.

Pili, Babati imo katika Bonde la Ufa. Mlima Kwaraha, uitwao pia Ufiome, ulio kando ya mji, na Mlima Hanang ulio kusini-magharibi ni milima ya volkeno. Jambo hili lina heri na shari: volkeno huacha majivu na mawe yanayoweza kufaa kwa ujenzi, ilhali Bonde la Ufa hutikisika.

Tatu, maji huja kwa wingi au hayaji. Ziwa Babati liliwahi kufurika na kuingia mjini, kama ilivyotokea mwaka 1990. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Lakini katika kiangazi, majira ambayo watu wengi hujenga kwa kuwa mvua haiwasumbui, upepo huwa mkavu na maji huwa ya kutafutwa.

Nne, ujenzi wa makazi ni wa kudunduliza. Mwenye kiwanja hununua mifuko michache ya saruji leo, akasubiri mavuno au mshahara, kisha akanunua mingine. Nyumba huweza kuchukua miaka mingi kukamilika. Kwa mtu wa namna hii, linta iliyopasuka si kasoro ya kihandisi tu. Ni akiba ya miaka kadhaa iliyopotea.

3.0 Kwa Nini Zege Limekuwa Tatizo la Dunia

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Katika viambato hivyo, saruji ndiyo inayogharimu mazingira zaidi. Kiini chake ni klinka, yaani vinundu vinavyopatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Hewa ya ukaa hutoka kwa njia mbili: kutoka kwenye nishati inayochoma tanuri, na kutoka ndani ya jiwe lenyewe. Njia ya pili haiwezi kuzuiwa kwa kubadilisha nishati. Kila kilo 100 za kabonati safi ya kalsiamu zikichomwa kikamilifu, hubaki kilo 56 za chokaa, na kilo 44 huondoka zikiwa hewa ya ukaa. Hata kama tanuri lingewashwa kwa umeme wa maji peke yake, kilo hizo 44 zingetoka vilevile.

Dunia huzalisha takriban tani bilioni nne za saruji kwa mwaka, na sekta hiyo hukadiriwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa yote ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Si haki kumwambia mjenzi wa Mutuka asijenge kwa sababu ya takwimu hizo. Nyumba yake, karavati la mtaa wake na tangi la shule ya watoto wake ni mahitaji ya lazima. Kwa hiyo swali la watafiti limekuwa hili: tutawezaje kupata zege imara kwa kutumia klinka kidogo?

Jibu lenye uzito zaidi hadi sasa ni kuondoa sehemu ya klinka na kuweka mahali pake vitu vingine vyenye silika na alumina: majivu ya volkeno, udongo uliochomwa, au majivu ya mimea fulani. Katika utafiti ulioshirikisha wataalamu wa Uswisi, Kuba na Uhindi, ilipatikana saruji yenye takriban nusu ya klinka, asilimia 30 ya udongo uliochomwa, asilimia 15 ya unga wa jiwe la chokaa ambalo halikuchomwa, na kiasi kidogo cha jasi. Udongo huo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na saruji inayotokana nao hupunguza hewa ya ukaa kwa takriban asilimia 30 hadi 40.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Kiwanda cha Mbeya kilichoko Songwe kimekuwa kikichanganya klinka na majivu ya volkeno ya huko huko. Hali kadhalika, msomaji akiuchunguza mfuko wa saruji dukani ataona alama. Namba 32.5 au 42.5 huonyesha daraja la nguvu baada ya siku 28, na herufi zinazofuata aina ya saruji hueleza kilichochanganywa: P kwa pozolana ya asili, Q kwa pozolana ya asili iliyochomwa, L kwa jiwe la chokaa. Basi watu wengi wanaojenga leo tayari wanatumia saruji yenye mchanganyiko, hata kama hawajaambiwa. Hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

4.0 Kitenzi "Kukauka" na Nadharia Iliyomo Ndani Yake

Mtu akipita mahali panapojengwa katika miji yetu, haichukui muda kusikia kauli kama "acha zege likauke kwanza" au "tofali bado hazijakauka". Kwa mujibu wa matumizi ya kawaida, kukauka ni kupoteza maji. Nguo hukauka, mto hukauka, mahindi hukauka. Anayesema zege linakauka anadokeza mambo matatu: kwamba maji ni kitu cha ziada ambacho sharti kiondoke, kwamba jua na upepo ni wasaidizi wa kazi, na kwamba sehemu ya juu ikishakuwa nyeupe na ngumu, kazi imekwisha.

Yote matatu si sahihi. Zege huwa gumu kwa sababu saruji huungana na maji na kufanya kitu kipya. Silikati za kalsiamu zilizo katika klinka hushikana na maji na kutengeneza ute mgumu unaogandamanisha mchanga na kokoto. Maji hayo hayaondoki; huingia katika mwili wa zege na kubaki humo. Zege linaloachwa likauke mapema huacha kuongezeka nguvu, kwa kuwa chakula chake kimeondolewa kabla ya mlo kwisha. Zege lililozamishwa ndani ya maji, ambalo haliwezi kukauka kamwe, huwa gumu vizuri zaidi. Nguzo za madaraja zinazosimikwa mtoni ni ushahidi wa kutosha.

Zipo sababu za kihistoria zilizofanya kitenzi hiki kitawale. Kwa karne nyingi vifaa vikuu vya ujenzi katika nyanda za kati na kaskazini vilikuwa miti na udongo, kama katika nyumba za tembe. Udongo kweli hukauka: maji yakiondoka hushikana, yakirudi hulainika. Katika pwani ilitumika chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe, na kwa chokaa hiyo yalijengwa majengo kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Chokaa ya namna hii huwa ngumu kwa kuivuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi polepole kuwa jiwe. Ili hewa ipenye, maji ya ziada hupaswa kupungua. Kwa hiyo hata hapa kitenzi "kukauka" kilikuwa na sehemu ya ukweli. Saruji ya viwandani ilipoingia, ilipokelewa na kitenzi kilichokuwa kimezoeleka. Jambo hili ni la kawaida katika historia ya lugha: kitu kipya huvikwa neno la kitu cha zamani kinachofanana nacho kwa sura, hata kama hakifanani nacho kwa utendaji.

Inaweza kupingwa kwamba mafundi humwagilia zege ingawa husema linakauka, na kwa hiyo neno halina madhara. Pingamizi hili lina uzito. Ni kweli kwamba fundi mzoefu humwagilia, hasa sakafu ya ghorofa. Lakini si nadra kuona linta ikimwagiliwa siku moja au mbili tu, au matofali ya saruji yakianikwa juani kana kwamba ni dagaa. Anayejua tendo bila kujua sababu yake hulifuata panapokuwa na msimamizi, na hulipunguza maji yanapokuwa adimu. Zaidi ya hayo, hawezi kulirekebisha tendo lake pale kifaa kinapobadilika. Nacho kifaa kimebadilika.

Katika saruji yenye pozolana, kazi hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza klinka huungana na maji, na pamoja na ute mgumu hutoa hidroksidi ya kalsiamu, ambayo yenyewe haina nguvu kubwa. Kisha silika iliyomo katika pozolana huungana polepole na hidroksidi hiyo, kwa msaada wa maji, na kutengeneza ute mwingine unaoziba vitundu vidogo vya zege. Hatua hii ya pili huchukua wiki, na huweza kuendelea kwa miezi. Zege la saruji ya kawaida lililohifadhiwa katika unyevu hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28 katika siku saba za mwanzo. Lile lenye pozolana huchelewa zaidi, ingawa baadaye huweza kulifikia au kulipita. Kwa sababu hiyo, siku saba za unyevu zinazopendekezwa kwa saruji ya kawaida huongezwa hadi kumi, na hata kumi na nne katika hali ya ukavu. Anayeamini kwamba zege limekauka, na kwa hiyo limekwisha, huikata hatua ya pili kabla haijaanza vizuri. Hivyo saruji iliyobuniwa ili iwe nafuu kwa mazingira hulaumiwa kuwa dhaifu, na lawama hiyo huenea haraka kuliko maelezo.

Kosa la pili linalotokana na nadharia ileile ni kuongeza maji wakati wa kuchanganya. Ikiwa maji yatakauka yote, kuna ubaya gani kuyaongeza ili zege liwe laini na lisimchoshe mtu? Duff Abrams alionyesha nchini Marekani mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege hupungua kadiri uwiano wa maji kwa saruji unavyoongezeka. Mfuko wa kilo 50 huhitaji kiasi cha lita 12 tu ili kuungana na saruji, na takriban lita 25, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake, ili zege lifanyike kazi, tukihesabu humo maji yaliyomo tayari katika mchanga. Maji yanayozidi hapo hubaki bila mwenzi. Yanapoondoka huacha matundu, na humo hupita maji ya mvua, chumvi na hewa.

5.0 Neno "Saruji" na Kumbukumbu Yake

Kiswahili kina maneno mawili yanayotumika sambamba: "simenti", lililotoka Kiingereza, na "saruji", lililopitia Kiarabu na lenye asili ya Kiajemi. Katika maandishi rasmi tunalipendelea "saruji", lakini mara chache tunajiuliza lilikuwa likitaja kitu gani kabla ya kuja kwa mifuko ya karatasi.

Nchini Oman, sarooj ni jina la kifaa cha ujenzi kinachopatikana kwa kuchoma udongo wa mfinyanzi na kuusaga, kisha kuuchanganya na chokaa. Kifaa hicho kilitumika kujengea ngome, mabirika na mifereji ya maji iitwayo aflaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sifa yake kuu ni kwamba hushika hata palipo na maji, jambo ambalo chokaa tupu haliwezi. Wataalamu wa Oman wameichunguza sarooj katika maabara na kuiweka katika kundi la pozolana zinazotengenezwa na binadamu.

Tukiliweka jambo hili kando ya yale tuliyoyasema katika sehemu ya tatu, tunaona kufanana kunakostahili kuzingatiwa. Saruji ya kisasa yenye udongo uliochomwa na sarooj ya Oman zinategemea kanuni moja: udongo uliochomwa kwa joto la wastani huungana na chokaa na maji. Tofauti iko katika usagaji, vipimo, na kuwepo kwa klinka inayoharakisha kazi. Kwa hiyo tunapoliita jambo hilo "saruji mpya", lugha yetu inatukumbusha kwamba jina hilo lilikuwa la udongo uliochomwa kabla halijawa la klinka. Neno "pozolana" nalo lina historia ya namna hiyo: linatokana na Pozzuoli, mji ulio karibu na Napoli nchini Italia, ambako Warumi walichimba majivu ya volkeno waliyoyachanganya na chokaa kujengea bandari.

Hatusemi kwamba fundi akijua etimolojia atajenga vizuri zaidi. Tunachosema ni kwamba mwalimu anayetaka kueleza saruji yenye mchanganyiko hana haja ya kuileta kama maajabu ya kigeni. Anaweza kuanzia katika neno ambalo mwanafunzi wake analitamka kila siku.

6.0 Mali Ghafi Zilizo Karibu na Mipaka Yake

Ni nini basi kinachoweza kupatikana karibu na Mutuka? Tutaje vitu vitatu, pamoja na tahadhari zake.

Cha kwanza ni majivu ya volkeno. Kuwepo kwa milima ya volkeno kunatia moyo, lakini si kila jivu la volkeno ni pozolana. Kinachotakiwa ni silika nyingi iliyo katika hali ya kioo, isiyojipanga kuwa fuwele. Kwaraha ni volkeno ya kundi la nadra ambalo miamba yake ina kabonati nyingi, na miamba ya namna hiyo huwa na silika chache. Kwa hiyo kila chimbo lazima lipimwe katika maabara. Kuchukua udongo wa mlimani na kuumwaga katika zege kwa kuwa tu ni wa volkeno ni hatari.

Cha pili ni maganda ya mpunga. Magugu, katika Wilaya ya Babati, ni eneo linalosifika kwa mchele wake, na penye mashine za kukoboa hapakosi marundo ya maganda. Maganda ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga, na yakichomwa huacha majivu yapatayo sehemu moja ya tano ya uzito wake. Majivu hayo, yakichomwa bila kuzidi takriban nyuzi 700, huwa na silika tendaji kwa wingi sana; P. K. Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyachunguza tangu miaka ya 1970. Lakini hesabu ifanyike. Tani moja ya mpunga hutoa kilo 200 za maganda na kilo 40 za majivu. Mjenzi akitaka kuweka majivu mahali pa asilimia 10 ya saruji katika mfuko wa kilo 50, atahitaji kilo 5 za majivu, yaani maganda ya kilo 125 za mpunga. Nyumba ya mifuko 100 itadai maganda ya tani 12 na nusu za mpunga. Hilo linawezekana kwa mtaa, lakini si kwa nchi nzima. Isitoshe, majivu ya rundo lililojichomea lenyewe huwa yamepata joto lisilo sawa, hayajasagwa, na huvuta maji mengi. Anayeyatumia hivyo hushawishika kuongeza maji, na kwa kufanya hivyo huiondoa faida yote.

Cha tatu ni udongo. Udongo wenye kaolini ndio ufaao zaidi kuchomwa. Machimbo ya Pugu karibu na Dar es Salaam yanajulikana kwa kaolini yake. Udongo wa Babati unahitaji kupimwa kwanza. Lakini udongo una matumizi mengine yasiyohitaji moto. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001 na kurithi kazi za kitengo cha utafiti wa ujenzi cha miaka ya 1970, umekuwa ukieneza matofali yanayofungamana. Haya hutengenezwa kwa kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Hayachomwi kwa kuni, na hupunguza sana udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali. Kwa wilaya ambayo vijiji vya Duru-Haitemba vilijipatia sifa katikati ya miaka ya 1990 kwa kusimamia misitu yao wenyewe, hoja ya kuokoa kuni haihitaji maelezo marefu. Nayo matofali hayo, kwa kuwa yana saruji, yanapaswa kukingwa na jua na kunyunyiziwa maji, hayaanikwi.

7.0 Ustahimilivu

Uendelevu na ustahimilivu ni dhana mbili zinazotegemeana. Zege lenye hewa chache ya ukaa likibomoka baada ya miaka kumi na kujengwa upya, halikuokoa kitu.

Adui mkubwa wa zege lenye nondo ni kutu. Zege changa huwa na ubesi mwingi unaoilinda nondo. Kadiri miaka inavyopita, hewa ya ukaa hupenya vitunduni na kuupunguza ubesi huo. Ikifika kwenye nondo pamoja na unyevu, kutu huanza, nondo huvimba na zege hupasuka. Hapa uaminifu wa kitaaluma unatulazimu kutaja udhaifu wa saruji yenye pozolana: kwa kuwa hutumia hidroksidi ya kalsiamu, akiba yake ya ubesi ni ndogo zaidi. Kinga yake ni kubana kwa mwili wake, na kubana huko hupatikana tu endapo zege limepewa unyevu kwa muda wa kutosha. Likinyimwa, huwa na ubesi mchache na vitundu vingi kwa pamoja. Kwa hiyo katika saruji hii kumwagilia si nyongeza ya adabu. Ndiko kunakoamua kama karavati litaishi miaka mingi au michache.

Mafuriko na mitetemeko huongeza uzito wa jambo hili. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilionyesha jinsi kuta zisizofungwa vizuri zinavyoanguka hata kwa tetemeko la ukubwa wa wastani. Linta inayozunguka nyumba nzima, nondo zilizofunikwa kwa unene wa kutosha na zege lililokomaa ni mambo yasiyohitaji fedha nyingi zaidi. Yanahitaji uangalifu na maji.

Na maji ndiyo magumu kupatikana katika kiangazi cha Babati. Kumwambia mama mwenye nyumba amwage ndoo kadhaa kila siku kwa wiki mbili, wakati maji ya kupikia yanabebwa kichwani, ni kumpa ushauri asioweza kuufuata. Lakini tukishaelewa kwamba lengo ni kuzuia maji yaliyomo yasitoroke, njia nyingine hufunguka: kufunika zege kwa nailoni, kulitandika magunia yaliyoloweshwa au mchanga mbichi, kulimwaga jioni badala ya adhuhuri. Njia hizi huokoa maji mengi. Anayefikiri kwa kitenzi "kukauka" hawezi kuzibuni, kwa kuwa kufunika zege lisikauke kutaonekana kwake ni kuchelewesha kazi.

8.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa kwa darasa na maabara. Lugha ya mahali pa kazi inahitaji juhudi ya namna hiyo. Kwa kufuata kanuni ya kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa, tunapendekeza yafuatayo.

Kukauka: kitumike kwa vitu vinavyopoteza maji tu, kama udongo na rangi. Kisitumike kwa zege.

Kushika: kitumike kwa kipindi cha saa chache ambapo zege laini hugeuka kuwa gumu. Mafundi tayari husema "zege limeshika", kwa hiyo hapa hatubuni, tunasanifisha.

Kukomaa: kitumike kwa kuongezeka kwa nguvu kwa siku na wiki baada ya kushika. Kitenzi hiki kina faida ya kuleta picha ya tunda au mtoto, ambaye hukua kwa kulishwa, wala si kwa kunyimwa. Umbo la kutendesha, "kukomaza", litaje wajibu wa fundi, na nomino yake iwe "ukomazaji". Kumwagilia na kufunika ziwe njia mbili za kukomaza.

Saruji mseto: litaje saruji ambayo sehemu ya klinka imebadilishwa, kwa mfano wa "kilimo mseto" ambacho wakulima wanakifahamu. "Pozolana" libaki kuwa istilahi ya kitaaluma kwa kiambato chenyewe.

Mapendekezo haya yatakuwa na maana endapo tu yatafika kwenye vyuo vya ufundi na kwenye maelezo yanayochapishwa juu ya mifuko. Sentensi moja ya Kiswahili fasaha juu ya mfuko, isemayo zege la saruji hii likomazwe kwa siku 14, ingemfaa mjenzi kuliko herufi na namba asizofundishwa kuzisoma.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utafiti wa zege endelevu, ambao kwa kawaida huzungumzwa kwa lugha ya tanuri na maabara, unategemea pia kitenzi kimoja cha Kiswahili. Saruji mseto hupunguza hewa ya ukaa na huweza kutumia mali ghafi za nchini, lakini hukomaa polepole na humwadhibu anayeiharakisha. Ujuzi wa kuchanganya udongo uliochomwa na chokaa umo ndani ya jina la saruji lenyewe. Ujuzi wa kwamba zege ni kitu kinachoendelea kufanya kazi umo ndani ya msemo wa mitaani.

Msemo huo, kama unavyotumika sasa, humhimiza fundi asilale kabla zege halijamwagwa. Ni sahihi, lakini unaishia nusu ya njia. Zege likishamwagwa halilali pia. Usiku kucha, na kwa wiki nyingi baadaye, linaendelea kuyanywa maji yake na kujijenga. Mjenzi wa Mutuka aliyedunduliza mifuko yake kwa miaka anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno yaliyo wazi, ili asubuhi ya siku ya tatu, atakapoiona linta yake imekuwa nyeupe na ngumu, bado aifunike.